Notre-Dame lilianza kujengwa upya kabla halijaungua

Mwaka 2014 vijana wawili waliokuwa wakisomea ukarabati wa majengo ya kale, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walipanda darini mwa kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris kufanya kazi ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiisubiri. Walipima kenchi za paa. Boriti moja baada ya nyingine: unene wake, urefu wake, ilipoungana na mwenzake, ilipopinda kwa uzee. Nyingi kati ya kenchi hizo zilikuwa za karne ya 13, zimekaa juu ya vichwa vya waumini tangu enzi ambazo Kilwa Kisiwani ndiyo kwanza ilikuwa inanawiri. Wafaransa walizoea kuiita dari ile “msitu”, kwa wingi wa miti iliyokuwamo.

Nadhani mtu wa kawaida angewauliza: mnapima ili iweje? Paa lipo, linaonekana, haliendi popote.

Miaka mitano baadaye msitu ule uligeuka mkaa. Kuanzia usiku huo, aliyetaka kujua paa la Notre-Dame lilivyoungwa ilibidi afungue michoro ya vijana wale wawili. Pamoja nayo kulikuwa na vipimo vya mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon, ambaye mwaka 2010 alizungusha mashine ya miale ya leza ndani na nje ya kanisa akakusanya zaidi ya nukta bilioni moja. Tallon alifariki Novemba 2018, miezi mitano kabla ya moto. Hakujua kamwe kazi yake ingetumika kwa nini.

Hoja yangu inaanzia hapo. Tangu kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024, hadithi zinazosimuliwa zaidi ni mbili: ya rais aliyeahidi miaka 5 akatimiza, na ya matajiri waliofungua pochi. Zote mbili zina ukweli ndani yake. Ila ahadi ilitolewa kwa siku moja, na pesa zilianza kuahidiwa moto ukiwa bado unafuka. Vipimo na mikono ya mafundi havikuweza kuagizwa namna hiyo. Vilikuwapo tayari au havikuwapo.

Turudi kwanza kwenye jioni yenyewe, Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 15 Aprili 2019. Mtambo wa kugundua moto ulifanya kazi yake. King'ora kililia saa 12 na dakika kama 20 jioni, wakati misa inaendelea. Tatizo likawa kusoma ulichosema. Mlinzi alitumwa kwenye dari ya sakristia, jengo dogo la pembeni, akakuta hakuna kitu. Hadi ilipoeleweka kwamba moto uko kwenye dari ya kanisa lenyewe, na mtu akapanda zile ngazi nyembamba kwenda kuhakikisha, karibu nusu saa ilikuwa imeshapita. Kwenye mbao zilizokauka kwa miaka 800, nusu saa ni nyingi mno. Kabla ya saa 2 usiku ule mnara mwembamba wa katikati, ambao kwa Kifaransa unaitwa “mshale”, ulivunjika kiunoni, ukaanguka na kutoboa dari ya matao ya mawe.

Zimamoto walifanya uamuzi ambao mimi nauona mgumu kuliko wowote uliofuata: waliliacha paa liungue, wakaelekeza nguvu kwenye minara miwili ya mbele. Sababu ni kengele. Kengele za Notre-Dame zinaning'inia kwenye fremu kubwa za mbao ndani ya minara, na moto ulikuwa umeshaingia mnara wa kaskazini. Fremu zikiungua kengele zinaporomoka, zikiporomoka zinaangusha mnara, na mnara mmoja ukianguka wa pili haubaki. Kikosi kidogo kilipanda ndani ya mnara unaowaka, na kabla ya alfajiri minara ilikuwa salama. Chanzo cha moto hakijathibitishwa. Wachunguzi wametaja hitilafu ya umeme au kipande cha sigara, na hadi leo hakuna aliyebebeshwa lawama kwa jina.

Watu husema kanisa limejengwa kwa miaka 5. Hesabu hiyo inaficha miaka miwili ya mwanzo, ambayo ilitumika kulizuia lisianguke. Wakati moto unatokea, mshale ulikuwa umezungushiwa jukwaa la vyuma kwa ajili ya ukarabati mwingine uliokuwa umeanza. Mabomba 40,000, tani kama 200, yaliyeyuka na kushikana, yakabaki yamening'inia juu ya shimo. Mafundi waliteremka kwa kamba, wakakata bomba moja moja, wakijua kwamba likikatwa lisilo lake furushi zima linaweza kushuka na kuta. Kazi hiyo ilikwisha Novemba 2020. Chini, mashine zinazoendeshwa kwa rimoti zilizoa vifusi mahali ambapo binadamu hakuruhusiwa kusimama. Matao ya nje yanayoegemeza kuta yaliwekewa mihimili ya mbao. Hadi hatua hiyo inakamilika ilikuwa katikati ya mwaka 2021. Kujenga hasa kulichukua miaka mitatu na kitu.

Wakati huo huo watu walikuwa wanagombania sura. Siku mbili tu baada ya moto, waziri mkuu wa wakati ule, Édouard Philippe, alitangaza shindano la kimataifa la kubuni mshale mpya. Mitandao ikafurika michoro: paa la vioo, bustani ya kupanda mboga, mpaka bwawa la kuogelea. Msanifu mkuu wa kanisa, Philippe Villeneuve, alisema wazi kwamba ama mshale unarudi ulivyokuwa ama yeye anaondoka. Jenerali mstaafu Jean-Louis Georgelin, aliyekabidhiwa mradi mzima na aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya Ufaransa, alimjibu mbele ya wabunge kwamba afunge mdomo. Kwa lugha ya kambini. Julai 2020 rais Macron alikubali hoja ya msanifu: mwaloni urudi kwa mwaloni, madini ya risasi kwa risasi, jiwe kwa jiwe.

Walioshangilia walisema mila imeshinda. Sikubaliani nao. Ukisoma historia ya makanisa ya Ufaransa yaliyoungua, mila ilikuwa kinyume kabisa. Kanisa kuu la Chartres lilipoungua paa mwaka 1836, waliezeka upya kwa kenchi za chuma na kufunika kwa shaba. La Reims lilipigwa mizinga ya Wajerumani Septemba 1914, na baada ya vita msanifu Henri Deneux alilitengenezea kenchi za vipande vidogo vya zege, sehemu ya gharama ikilipwa na tajiri wa Marekani, Rockefeller. Nantes liliungua mwaka 1972, paa likarudishwa kwa zege. Nantes hiyo hiyo iliungua tena Julai 2020, ikapoteza kinanda chake kikubwa, lakini safari hii paa lilibaki mahali pake. Zege haliwaki. Hata mshale wa Notre-Dame wanaoulilia ni wa mwaka 1859, kazi ya msanifu Eugène Viollet-le-Duc, ambaye alibuni wake, mrefu kuliko ule wa kale ulioondolewa mwishoni mwa karne ya 18.

Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu, aliyekaa akapima hatari ya moto, angechagua zege au chuma. Sijasikia jibu la maana dhidi ya hoja hiyo likitolewa kwa kutaja uzuri wa paa. Hakuna anayeliona; limefichwa kati ya matao ya mawe chini na mabati ya risasi juu. Watalii milioni 12 walioingia kila mwaka kabla ya moto hawakuliona.

Bado nawaunga mkono waliochagua mwaloni, kwa sababu ya mikono.

Tangu mwaka 1997, kwenye kichaka kimoja huko Burgundy, kuna kundi la watu wanaojenga ngome mahali panapoitwa Guédelon kwa vifaa na njia za karne ya 13. Hakuna kreni za injini, hakuna saruji. Walipoanza wengi waliwachukulia kama watu wanaocheza. Pia kuna chama cha maseremala kinachojiita Maseremala Wasio na Mipaka, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho wanachama wake hukutana kuchonga boriti kwa shoka kwa ajili tu ya kutousahau ujuzi. Septemba 2020, wakati wakubwa wametoka tu kubishana, maseremala hao walikuja kwenye uwanja wa mbele wa Notre-Dame na kenchi nzima ya mwaloni, nakala ya kenchi namba 7 iliyokuwa upande wa altare, iliyochongwa kwa mkono kwa kufuata michoro ya Fromont na Trentesaux. Wakaipandisha kwa kamba na nguvu za watu, hadharani. Mabishano ya kama jambo hilo “linawezekana katika karne hii” yalikufa pale pale.

Hapa inafaa kusogea karibu kidogo, maana ndipo palipo na siri. Mbao ya msumeno hukatwa bila kuuliza nyuzi za mti zinaelekea wapi. Msumeno unafuata mstari wake. Nyuzi zikipinda zinakatwa, na hapo ndipo boriti itakapopasuka au kujikunja baadaye. Kwa shoka mambo ni mengine. Fundi hulaza gogo zima, bado bichi, juu ya magogo mawili. Hupiga mstari kwa uzi uliopakwa rangi. Hukata mikato kila baada ya hatua moja, hubandua vipande vilivyo kati ya mkato na mkato, kisha hurudi na shoka pana lenye makali ya upande mmoja, akisawazisha uso wa boriti kwa mapigo mepesi. Moyo wa mti unabaki katikati. Mti ukiwa umepinda kidogo, boriti nayo inapinda kidogo, na nguvu yote inabaki ndani. Aliyemwona fundi wa majahazi Lamu akizunguka kutafuta mti uliopinda wenyewe kwa ajili ya taruma, yaani mbavu za jahazi, na tezo yake begani, haoni geni hapo. Ni elimu ile ile.

Ndiyo maana pia kilio cha “Ufaransa haina tena mialoni mikubwa hivyo” kiligeuka kuwa hewa. Uchunguzi wa mabaki yaliyoungua ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mialoni ya zama zile ilikuwa myembamba, kila mmoja ukitoa boriti moja. Kilichohitaji miti minene ni mshale, na ule ni wa karne ya 19, mbao zake ni za msumeno. Mialoni ya kwanza kama 1,000 ilikatwa mwanzoni mwa 2021, kabla utomvu haujapanda, baadhi ikitoka msitu wa Bercé ambako miti iliachwa ikue tangu zama ambazo wafalme waliitaka kwa ajili ya merikebu za kivita. Kwa jumla ilitumika kama 2,000. Kenchi za upande wa waumini na za upande wa altare zilichongwa kwa shoka katika karakana mbili, baadhi ya mafundi wakiwa wametokea Guédelon kule kule. Zilisimama zote kufikia Machi 2024.

Kama mradi ungechagua zege, maseremala hao wangerudi kuchonga kwa kujifurahisha, wakazeeka, wakaondoka na ujuzi wao. Sasa kuna mamia ya vijana wa Ufaransa na nchi jirani wanaoweza kusema wameshika shoka kwenye Notre-Dame. Paa lijalo litakaloungua litawakuta.

Kwenye risasi ndipo ninapoachana na wenzangu. Naongelea madini, si ya bunduki. Paa na mshale vilibeba mamia ya tani za risasi, na usiku ule sehemu yake iliyeyuka na nyingine ikaruka kama vumbi juu ya mitaa, shule na viwanja vya watoto. Ile kiangazi ya 2019 ujenzi ulisimamishwa kwa wiki kadhaa ili wafanyakazi wawekewe utaratibu wa kuoga na kubadili nguo kila wanapotoka. Shule za jirani zilioshwa. Wazazi na vyama vya wafanyakazi walipinga kurudishwa kwa madini hayo juu ya kanisa. Wakapuuzwa. Chartres imekaa na shaba juu karibu karne mbili na hakuna anayesema si kanisa. Atakayenijibu kwamba waezekaji wa risasi nao ni mafundi wenye mikono ya kulindwa, namkubalia nusu. Nusu nyingine namwachia daktari anayepima damu ya mtoto. Ni kweli darini sasa kuna kamera za joto, mabomba ya kunyunyiza ukungu wa maji na kuta za kuzuia moto usitoke upande mmoja kwenda mwingine. Hayo ni mambo ambayo zama za kale hazikuwa nayo na hakuna aliyelalamika kwamba yanaharibu asili. Kumbe inawezekana kuongeza.

Sasa, msomaji wa huku kwetu atakuwa ameshaanza kunong'ona: hizo ni pesa. Euro milioni 846 kutoka kwa watoaji 340,000 wa nchi 150; nani asingejenga? Kweli. Ingawa miezi ya kwanza pesa za matajiri zilikuwa bado ahadi kwenye makaratasi, na mishahara ya kazi ya dharura ikalipwa na michango ya watu wadogo. Kazi yenyewe ilimeza kama milioni 700, nyingine zinaendelea kutumika kwenye kuta za nje.

Mfano wa kujipima nao uko Kampala. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto ulikula Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi, mojawapo ya nyumba kubwa za nyasi duniani, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Vipimo vilikuwapo: mwaka 2009, mwaka mmoja tu kabla, nyumba ilikuwa imepimwa kwa leza kupitia shirika la CyArk. Mikono ilikuwapo pia, tena kuliko Paris. Kuezeka Kasubi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, baba humfundisha mwana, na pete 52 za dari zinasimamia koo 52 za Buganda. Hakukuhitajika Guédelon ya kufufua chochote. Hata hivyo Kasubi ilitoka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini Septemba 2023. Miaka 13.

Hapo hoja yangu inapata ufa, na sitauziba kwa maneno matamu. Vipimo na mafundi peke yao havikutosha. Paris kulikuwa na sheria iliyopitishwa na bunge Julai 2019 kwa ajili ya kanisa moja, mfuko uliofungwa usitumike kwa kitu kingine, na jenerali mmoja ambaye kila mtu alijua ndiye wa kumpigia simu. Kasubi kulikuwa na ufalme, serikali, UNESCO na wafadhili, kila mmoja na saa yake ukutani, na damu iliyomwagika siku moja baada ya moto, vikosi vya serikali vilipofyatua risasi kwa waombolezaji. Halafu kuna jambo ambalo wapenda takwimu hawalipendi: Kasubi ni kaburi. Miiko ina mwendo wake, na kuna hatua ambazo fundi hazianzi kwa sababu mfadhili anataka ripoti ya robo mwaka. Ukiniuliza kama miaka 13 ilikuwa mingi, nitasema ndiyo. Ukiniuliza kama ingepaswa kuwa 5, nitasita. Ninachojua ni kwamba bila Wangeye ingesimama ndani ya miaka miwili, ya zege na mabati yenye rangi ya nyasi.

Georgelin hakuuona mlango ukifunguliwa. Alifariki ajalini mlimani Agosti 2023, miezi minne kabla mshale haujavishwa jogoo wake mpya wa shaba, ambaye ndani ya tumbo lake kumewekwa karatasi yenye majina ya watu kama 2,000 waliofanya kazi. Jogoo wa zamani aliokotwa kwenye vifusi, amebondeka. Tarehe 7 Desemba 2024 Askofu Mkuu Laurent Ulrich aligonga mlango mkubwa kwa fimbo iliyochongwa kutokana na mbao ya paa la zamani, mbele ya marais na wafalme, na watazamaji wa televisheni wakaona kitu ambacho kizazi chao hakijawahi kukiona: mawe meupe. Masizi ya karne nzima ya mishumaa na pumzi za watu yalikuwa yameondolewa pamoja na ya moto.

Na bado hawajamaliza kubishana. Rais na askofu mkuu wamekubaliana kwamba vioo vya madirisha sita upande wa kusini viondolewe, vifungwe vipya vya mchoraji Claire Tabouret, vyenye picha za Pentekoste. Tume ya taifa ya urithi ilikataa Julai 2024. Zaidi ya watu 100,000 wametia sahihi kupinga. Watetezi wanasema kila karne ina haki ya kuacha alama yake, na nimeshataja Chartres na Reims, kwa hiyo siwezi kujifanya hoja hiyo ni ngeni kwangu. Lakini Chartres na Reims waliweka kipya mahali palipobaki majivu. Vioo hivi sita ni vya Viollet-le-Duc, yule yule ambaye mshale wake umerudishwa kwa gharama zote kwa sababu ulikuwa wake. Havikupasuka usiku ule. Vilishushwa, vikasafishwa masizi kioo kwa kioo kwa pesa za michango, vikarudishwa madirishani kabla ya ufunguzi, na sasa vinasubiri kushushwa tena.